Springi ya kurudisha resi kwenye injini ya boti ya kabureta: kabla hujafunga ile ya gari, pitia hapa kwanza

#1 Mwanzisha uzi

Wakuu habari zenu,

Nimeanzisha uzi huu kwa sababu kila nikifunua kifuniko cha injini ya boti, hizi za petroli za ndani zenye kabureta, nakutana na kitu kilekile: springi mbili nene za gari, moja imeingia ndani ya nyingine, zimening'inizwa kwenye mkono wa kabureta (kile kipande cha nje kinachofungua na kufunga resi), halafu mwenye boti analalamika leva ya resi nzito, au leva inajirudisha yenyewe akiwa safarini. Na nasema hivi kwa sababu na mimi nilifanya hivyohivyo, najua lilikonifikisha.

Kabureta yangu ya zamani ililegea kwenye shafti ya kipepeo (kile kibati cha ndani kinachofungua na kufunga njia ya hewa), nikaweka nyingine ya boti. Wakati nafunga nikaona haina springi ya nje ya kuurudisha mkono, nikajua lazima imepotea njiani, nikachukua springi za gari nikazikaza kutoka kwenye mkono wa kabureta mpaka breketi ya manifodi. Kwa kidole ilirudi pa! Nikafurahi.

Siku ya kwanza majini nikaweka resi 3000 (mizunguko ya injini kwa dakika), nikaachia leva nigeuke kuangalia nyuma, kugeuka tena naikuta 2500 na pua ya boti imeanza kuinuka. Narudisha, inashuka. Narudisha, inashuka. Ikawa safari nzima mkono uko kwenye leva. Niliporudi nikakaza ile skrubu ya msuguano kwenye boksi la kontroli, ikashika kweli, ila sasa wakati wa kuegesha nikitaka kuongeza resi kidogo tu leva haisogei, naongeza nguvu, bado, naongeza tena inaruka hatua mbili kwa mpigo. Boti ililifuata gati kama ng'ombe aliyekatika kamba. Hakuna aliyeumia, ilichunwa rangi tu, lakini nilikaa pale nikatafakari sana kwamba tatizo nimelitengeneza mwenyewe kwa mikono yangu.

Jambo lenyewe ni hili. Kwenye gari kebo ya resi ni waya laini, unavuta tu, hauwezi kusukuma. Mguu unafungua, springi inafunga, bila springi gari halirudi sailensa, yaani ule mzunguko wa chini injini ikiwa haijaongezwa resi. Kwenye boti kebo ni ya kuvuta na kusukuma, ndani yake kuna waya mgumu kama fimbo, leva ikienda mbele kipepeo kinafunguka, leva ikirudi kebo hiyohiyo inakifunga kwa nguvu. Halafu dereva wa gari anataka akiinua mguu resi ishuke, ila nahodha anataka akiachia leva resi ibaki palepale, maana ana usukani wa kushika, ana mawimbi ya kuangalia. Kwa hiyo ukifunga springi kali unakuwa umeleta mtu wa kuvutana na leva siku nzima, na anayeumia katikati ni kebo.

Msimamo wangu: springi kwenye boti ina kazi moja, kuamua kipepeo kiende wapi siku kebo itakapoachia. Siyo dawa ya leva nzito na siyo dawa ya sailensa isiyoshuka. Ukiona unahitaji springi kali ili kabureta irudi, kuna kitu kinaizuia na springi inakuficha usikione.

Karibuni tujadili, hasa mafundi.

#2

Asante mkuu kwa uzi, umenigusa mulemule. Mimi yangu ni V8 yenye kabureta ya midomo minne, nilitoa springi zote mbili wiki iliyopita baada ya kuchoka kushikilia leva. Leva sasa inakaa vizuri ila sailensa imegoma kushuka, nikirudisha leva nyutro inabaki 1100 au 1200, nikienda kwenye kabureta nikausukuma mkono kwa kidole inashuka mpaka 700. Sasa si ina maana springi ilikuwa inahitajika?

#3 Mwanzisha uzi

Hapana mkuu, ina maana springi ilikuwa inafunika kitu. Na usiingize gia kwa hiyo 1200 hata mara moja, meno ya gia yanapigana yakiingia kwa mzunguko wa juu, injini nyingi za aina hiyo zinataka uwe kwenye 600 na kitu mpaka 700 hivi ndo uingize.

Fanya hivi. Zima injini, chomoa kebo kwenye mkono wa kabureta, pini yake iweke mfukoni usije ukaiangusha chini ya injini. Sasa usogeze mkono kwa kidole, taratibu, kutoka kufunga mpaka kufungua kabisa na kurudi. Unatakiwa usikie ukinzani mmoja tu laini, ule wa pampu ya kuongezea mafuta. Ukisikia mahali panakwaruza au panashika, tatizo liko kwenye kabureta: gundi ya petroli ya zamani kwenye shafti, vipepeo vya pili (vya ile midomo miwili ya ziada) havifungi, au gasketi ya chini siyo yake na ukingo wake umeingia kwenye tundu kipepeo kinaugusa. Hiyo ya gasketi iangalie kwa macho, nimeiona zaidi ya mara moja, kipepeo kinakuwa na alama inayong'aa pembeni pale kinapogusa.

Usisahau choki. Injini ikiwa ya baridi, kemu ya choki inashikilia sailensa juu makusudi, na haiachii mpaka ufungue resi kidogo ndo idondoke. Watu wengi wanalaumu kebo kumbe injini haijapata moto.

Mkono ukiwa mlaini kabisa, hamia kwenye kebo. Mtu asogeze leva huku wewe umeshika ncha ya kebo iliyochomolewa. Ikiwa nzito bila kabureta, umeshampata mwizi.

Ikiwa laini, basi ni marekebisho. Leva nyutro, ncha ya kebo irudishe kwenye mkono wa kabureta, shika kebo nyuma ya ile pipa ya shaba ya kurekebishia kebo usukume kidogo kuelekea kwenye kabureta ili mchezo wote wa kebo uishe upande wa kufunga, ndo uizungushe pipa mpaka ikae sawa na msumari wake. Hapo kebo yenyewe inaugandamiza mkono kwenye skrubu ya sailensa, kidogo tu, milimita chache. Kisha leva mbele mpaka mwisho, hakikisha vipepeo vimesimama wima, rudisha, hakikisha skrubu ya sailensa imeguswa. Watu wanaofunga springi za gari hatua hii wanairuka kwa sababu springi inameza mchezo wote, halafu springi ikitoka ndo unaona ulichokiona wewe.

#4

Mkuu mwanzisha uzi nakuheshimu lakini hapa nitakupinga, na nakupinga kwa kuwa yalinikuta.

Nilikuwa na injini isiyo na springi hata moja, jinsi ilivyokuja. Pini ya ncha ya kebo kwenye kabureta ilikuwa imeliwa na kutu, sikuijua. Tunarudi, nimebakiza kama mita 200 kufika, navuta leva kupunguza, leva imekuja laini kama haina kitu na injini inaendelea kuunguruma vilevile. Leva ni moja kwa gia na resi, kwa hiyo nilipoivuta mpaka nyutro gia ikatoka, mzigo ukaondoka na injini ikapanda resi mpaka nikadhani inapasuka. Nilizima kwa ufunguo. Boti ikaenda kwa mwendo wake bila breki wala rivasi, namshukuru Mungu palikuwa na nafasi.

Baadaye kwenye kabureta nilikuta ncha ya kebo imekaa pembeni kabisa ya msumari wake, haijashikana na kitu, na mkono umebaki pale ulipoachwa, robo tatu wazi. Hakuna kilichouambia urudi. Tangu siku hiyo hakuna injini inatoka mkononi kwangu bila springi. Leva ikiwa nzito, mtu azoee.

#5 Mwanzisha uzi

Pole sana mkuu, na asante kwa kueleza mpaka ile sehemu ya nyutro, maana wengi wakishtuka mkono unakimbilia hukohuko. Kipepeo kikiwa wazi na ukatoa gia, injini inabaki haina mzigo, na ukikimbilia rivasi ndo mbaya zaidi. Ufunguo au kamba ya kuzimia kwanza.

Ila ukinisoma vizuri hatupingani sana. Sijasema pasiwe na springi, nimesema springi iwepo kwa ajili ya siku kebo inaachia, kama ilivyokukuta. Kwa kazi hiyo haihitaji kuwa kali. Inatakiwa iweze kitu kimoja: injini imezimwa, kebo imechomolewa, fungua mkono popote uuachie, urudi mpaka uguse skrubu ya sailensa. Ikiweza hivyo kutoka kila mahali, imetosha, kinachozidi hapo unamuongezea nahodha mzigo.

Nilipima kwa mizani ya ndoano, ile ya kupimia samaki. Springi zangu za gari mbili pamoja, kipepeo kikiwa wazi kabisa, zilivuta zaidi ya kilo 4 kwenye mkono. Niliyoiweka baadaye haifiki hata kilo moja na inafunga kutoka kila mahali. Sasa hiyo kilo nne leva inapigana nayo saa nzima, na injini inatikisa kila kitu, lazima itarudi tu.

Na kuhusu zile mbili za gari, zina sababu yake na sababu hiyo ni ya gari. Marekani wana kanuni ya usalama wa magari namba 124, imeanza kutumika 1973, inayotaka pawe na vyanzo viwili vya nguvu za kurudisha resi ili kimoja kikikatika kingine kifanye kazi. Ndo maana kabureta za magari zimejaa springi mbili mbili. Ni wazo zuri, na kwenye boti ukitaka mbili weka mbili nyepesi, kila moja na tundu lake, siyo zote kwenye kulabu moja.

Halafu hilo la pini usilipite. Msumari uliobeba kebo usiwe huohuo uliobeba springi. Ukitoka, umepoteza vyote viwili kwa pamoja.

#6

Wadau mimi naongezea swali ambalo naona hakuna aliyeligusa, kwa nini tunadhani kurudi sailensa ndo usalama siku zote? Kwenye gari sawa, resi ikishuka unasogea pembeni unasimama. Baharini nikiwa naingia mlango wenye mawimbi yanayovunjika, wimbi liko nyuma yangu, halafu injini ikashuka sailensa ghafla, boti inageuzwa ubavu na wimbi linalofuata linaingia ndani. Pale mimi ningependa resi ibaki ilipo.

Na siyo wazo langu la kubuni. Kwenye baadhi ya ndege ndogo zenye kabureta wanafunga springi inayovuta kuelekea KUFUNGUA, kebo ikikatika injini inapata nguvu ya kutosha kuifikisha ndege kwenye uwanja, rubani atajua namna ya kuizima akifika. Chombo tofauti, hatari tofauti, springi inaelekea kwingine.

#7 Mwanzisha uzi

Hili ni swali zito mkuu na nimelilalia usiku kucha kabla ya kujibu.

Kwa boti nabaki upande wa kufunga. Kwanza, ukienda sailensa bado una injini inayozunguka na gia inayofanya kazi, unaweza kushikilia pua mbele ya upepo, na mtu wa pili akifunua injini anaweza kuusukuma mkono wa kabureta kwa kidole mkatoka hapo. Kipepeo kikibaki wazi una njia moja tu, kuzima, na hapo ndo umekosa vyote. Pili, kebo haikatiki kwa adabu ikaacha resi palepale ulipoiweka. Mkono usio na springi wala kebo unafuata mtikisiko, unaweza kufunga, unaweza kufungua, na wewe uko kwenye usukani huna habari. Tatu, watu. Mtu akianguka majini karibu na propela inayozunguka kwa kasi usiyoitaka hakuna mjadala.

Lakini umeleta kitu ambacho kinanifanya niseme tena kwa nguvu kwamba kebo yenyewe ndo ya kutunza. Springi yoyote, ya upande wowote, ni mpango wa pili.

#8

Jamani mimi springi yangu ilikuwa kali nikaikata nusu ili ipungue nguvu, nikakunja kulabu upya. Imekuwa kali zaidi ya mwanzo. Mnaweza kunielewesha?

#9

Ndugu yangu hilo ni kosa la wengi, ngoja nikueleze maana nimefanya kazi ya springi miaka mingi.

Springi ni waya unaojipinda. Ukiwa na mizunguko 20, kila mzunguko unabeba sehemu yake ya ule urefu springi inaovutwa, unajipinda kidogo kidogo. Ukibakiza 10, urefu uleule inabidi ubebwe na mizunguko 10, kila mmoja ujipinde mara mbili. Kwa hiyo ukiikata nusu ugumu wake unakuwa mara mbili. Na wewe umeifupisha halafu ukaifunga umbali uleule, maana yake umeivuta zaidi tangu mwanzo. Umeipiga mara mbili kwa njia mbili.

Ukitaka laini tafuta yenye mizunguko mingi zaidi, au koili pana zaidi, au waya mwembamba. Na waya ndo unaobadilisha sana, ugumu unakwenda na unene wa waya ukizidishwa wenyewe kwa wenyewe mara nne. Ukitoka waya wa milimita 1 kwenda 1.2, kwa macho huoni tofauti, ila ugumu umezidi mara mbili. Ndo maana kuokota springi kwa kuangalia tu ni kubahatisha.

Kuhusu chumvi: springi za kawaida za chuma cha kaboni zina nguvu nzuri ila kutu inakula vishimo vidogo, na kishimo kwenye springi ni mwanzo wa ufa. Stenilesi ni bora majini, ila ujue ni laini kama asilimia 12 au 13 kwa vipimo vilevile, kwa hiyo ukibadilisha chuma kwa stenilesi ya ukubwa uleule itavuta kidogo pungufu. Zilizopakwa zinki zinang'aa vizuri dukani, lakini kupaka zinki kwenye waya mgumu kukifanyika bila kuuoka baadaye unaingia hidrojeni unakuwa wa kukatika kama kijiti, bila kuvutika kwanza.

Na springi hizi za kuvuta zinakatikia wapi? Siyo katikati, ni pale kulabu inapoanza kukunjwa. Ukiikunja upya kwa koleo kama ulivyofanya, umeacha alama ya meno ya koleo palepale panapoumia. Hiyo uliyoikata itupe ndugu yangu.

#10

Hapo kwenye kulabu nashuhudia. Yangu niliitoa juzi baada ya kusoma uzi, kulabu ilikuwa imejichimbia kwenye tundu la breketi mpaka tundu limekuwa refu kama yai, na kulabu yenyewe imelika upande wa ndani imebaki nyembamba kama ukucha. Kwa nje ilionekana nzima kabisa, ningeiangalia tena mwaka mzima nisingeona kitu. Inabidi uitoe, siyo kuangalia tu ikiwa imevutwa.

#11 Mwanzisha uzi

Safi sana, na nyongeza moja hapohapo ambayo iliwahi kunitisha kwenye boti ya jamaa yangu. Springi ilikuwa nzuri, mpya, stenilesi, ila aliifunga mahali pabaya. Mkono wa kabureta unazunguka, na tundu la springi linazunguka nao. Kipepeo kikifika wazi kabisa, mstari wa springi ulikuwa umevuka upande wa pili wa shafti, kwa hiyo badala ya kuvuta kufunga ikawa inavuta kuendelea kufungua. Chini ya nusu inarudi vizuri, ukifika mwisho inanata hapo. Kwa kidole tuliisikia, inakuwa nzito, nzito, halafu ghafla inakuwa nyepesi na kuruka kwenda mbele.

Kwa hiyo ukiifunga fungua mpaka mwisho, chungulia kwa mbele ya shafti, mstari wa springi ubaki upande uleule wa shafti mwanzo hadi mwisho na usiikaribie sana. Na ivute kwenye bapa moja na mkono, isivute kwa pembeni, ikivuta pembeni inailalia shafti siku zote, bushi inalika upande mmoja, hewa inaingia pale isipotakiwa, na hapo sailensa inakuwa haieleweki, mara juu mara inazima. Wanakuja kubadilisha kabureta nzima kwa ajili ya springi iliyokaa mshazari.

Na usiikulabishe kwenye bomba la mafuta. Nimeliona, ndo maana nasema.

#12

Mimi ni wa mashine za nje, zile zinazofungwa nyuma ya boti, tuko wapi sisi? Nina ya viharusi viwili, kabureta tatu, ya tila (mpini wa kuongozea ulio kwenye mashine yenyewe). Nikirudisha sailensa silinda ya chini inakuwa kama inabaki na resi yake, mashine inatetemeka.

#13

Nikujibu mimi mkuu, hizo ndo zangu.

Kwenye mashine za nje kila kabureta ina springi yake ndogo imejizungusha kwenye shafti ya kipepeo, halafu fimbo moja inaziunganisha zote tatu. Ile springi ndogo haifanyi kazi ya kupigana na mkono wako, kazi yake ni kukiweka kipepeo mahali pake na kuondoa mchezo kwenye viungo. Ikichoka moja au ikikatika, kipepeo chake kinabaki kimeachama kidogo, ndo unasikia hiyo silinda moja ina maisha yake.

Legeza skrubu za ile fimbo kwenye kabureta zote isipokuwa ile inayopokea kebo, rudisha nyuma skrubu ya sailensa isiguse, kila kipepeo kijifunge chenyewe kwa springi yake. Chungulia kwa tochi, usione mwanga pembeni. Kama kimoja hakijifungi, umempata, safisha shafti au badilisha springi. Vikifunga vyote kaza skrubu moja baada ya nyingine bila kuvisogeza, fungua na ufunge mara kadhaa uangalie vinaanza kutembea kwa wakati mmoja. Ndo urudishe sailensa kwa namba za kitabu cha mashine yako, maana kwenye hizi resi na moto wa plagi vimefungwa pamoja, ukigusa kimoja umegusa kingine.

Mashine nyingi za tila zina kebo mbili, moja ya kufungua na moja ya kufunga, kwa hiyo na wewe usiongeze springi. Ile skrubu kwenye mpini ni ya kushikilia resi kidogo, siyo ya kufungia. Ukiachia tila isiwe imegandia kwenye resi ya juu, na kamba ya kuzimia iwe mwilini mwako.

#14 (yule wa #2)

Wakuu nimerudi na majibu. Mkono wa kabureta ulikuwa mlaini kabisa, hauna neno. Kebo nikaichomoa, mke wangu akasogeza leva, mimi nimeshika ncha, yaani ilikuwa kama kuvuta msumari kwenye mbao mbichi. Nikaifuata kwa mkono mita kwa mita. Nyuma ya tangi mahali inapokunjwa, ganda la nje limepasuka ufa wa kama urefu wa kucha, ukiikunja unaona waya za ndani za rangi ya kahawia, na maji meusi yanatoka tone kwa tone. Kutu imevimba ndani ya ganda, waya wa katikati unapita kwa kubanwa.

Nilidhani nitie mafuta nirudishe lakini nikakumbuka #4, nimeibadilisha yote. Nimepima urefu wa ile ya zamani kutoka ncha mpaka ncha, mpya nimeipitisha kwa mkunjo mpana zaidi isipite pale kwenye kona kali. Nimerekebisha pipa kama ulivyoelekeza. Sailensa 680, nikipandisha na kushusha mara kumi inarudi 680 mara zote. Springi nimeweka moja nyepesi, tundu lake mbali na msumari wa kebo.

Kwa miaka miwili zile springi za gari zilikuwa zinaivuta kebo iliyooza, na mimi nasifia jinsi inavyorudi vizuri.

#15

Swali la mwisho kutoka kwangu, hivi kuna ubaya kuchukua kabureta nzima ya gari pamoja na springi zake nikaifunga kwenye boti? Injini si ni ileile.

#16 Mwanzisha uzi

Usifanye hivyo mkuu, na hapa siyo suala la springi tena. Kabureta ya gari ikifurika, mafuta yanamwagika nje kupitia matundu yake ya hewa na pembeni ya shafti, chini kuna barabara na upepo. Kwenye boti chini kuna tumbo la boti, mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, unakaa humo unasubiri cheche. Ya boti imetengenezwa mafuta yakizidi yarudi ndani ya koo la injini, na shafti zake zimechongwa kwa kazi hiyohiyo. Kanuni za Marekani zinataka isivuje zaidi ya sentimita 5 za ujazo ndani ya sekunde 30 hata vali ya boya ikibaki wazi. Ya gari haikutengenezwa kwa kipimo hicho. Na juu yake lazima kiwepo kizuia moto cha boti, ukikifunga hakikisha hakigusi mkono wa resi unapofunguka.

Sasa kwa wale mnaoniuliza faragha mkimaliza kufunga mjaribu vipi, mimi nafanya hivi. Feni ya chumba cha injini dakika 4 kabla ya kustati, na kunusa kwa pua yako. Injini ikiwa imezimwa, leva mbele na nyuma mara ishirini, kidole kwenye mkono wa kabureta, kila mara uguse skrubu ya sailensa. Chomoa kebo, achia kutoka robo, nusu, na wazi kabisa, springi ifunge yenyewe kote. Rudisha kebo na pini mpya, siyo ile ya zamani iliyonyooshwa. Halafu majini, mahali penye nafasi, 3000, toa mkono kwenye leva na uhesabu dakika tano. Sindano ya mita ya resi ikishuka kaza msuguano kidogo kidogo mpaka ikae, na leva iendelee kusogezwa kwa vidole viwili. Ikikataa vyote viwili kwa pamoja, rudi kwenye kebo.

Mwenye kabureta mbili kwenye injini moja aniandikie hapahapa, hiyo viungo vyake vina mambo yake na nina picha za kuonyesha.